Rufaa Isiyokatwa

Mtu alikuja kwangu Emali, ndani ya yadi niliyoijenga kwa mikono yangu mwenyewe, akaniuliza kama nimeridhika. Katika maisha yangu yote sikuwa nimeulizwa swali hilo. Baba hakuniuliza, mwalimu hakuniuliza, na kwa wateja mimi ndiye huuliza. Swali lenyewe lilikuja wakati ambao hata chai ya asubuhi ilikuwa inanikera.

Kwanza mnijue, kwa sababu wapo watakaosoma haya waseme ni malalamiko ya mtu asiyejua kuongea na watu wa ofisi. Mimi ndimi mtu wa matairi pale Emali. Wengine wapo, lakini dereva wa lori akipasukiwa Kibwezi, au hata Mtito Andei huko chini, akimaliza kuitukana barabara jina analotaja ni langu. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, nilitoka tu mlangoni kama watu wengine, ila sikurudi. Nilianza na pampu ya mkono, beseni la maji na kipande cha sabuni, chini ya mabati ya kuazima. Leo nina kompresa kubwa, nina mashine ya kunyoosha magurudumu inayowaka taa kama duka la Krismasi, na watu wenye digrii wananipigia simu wakiniita mkubwa. Sikushikwa mkono na mtu. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tundu moja tu ndilo lililonishinda kuziba, nalo ni kidonda cha mguu wa mke wangu.

Mke wangu ana sukari. Yeye ni wa Kitui, upande ule mkavu kabisa, na watu wa huko hawalii ovyo. Kidonda kilikaa chini ya kidole chake cha mguu bila yeye kusema neno, mpaka nilipokiona mwenyewe siku moja akiosha miguu. Nikampeleka hospitali. Daktari alituchorea hewani kwa kalamu: hapa damu inashuka, hapa mshipa umeziba, huku chini mguu una njaa. Nilimwelewa papo hapo, maana mpira wa kompresa nao huziba vivyo hivyo. Njia zilikuwa mbili. Kuuzibua mshipa, kazi ya daktari mwingine mwenye mashine yake, au kukata mguu. Akasema tusikae sana tukifikiria, kidonda hakifikirii.

Bima ya serikali nilikuwa nayo, tena ya familia nzima, na sikuwahi kuruka malipo yake. Hospitali ikaomba bima ikubali kazi ya kuzibua. Bima ikakataa. Sababu ilikuja kwa mstari mmoja ambao daktari aliusoma akatikisa kichwa, ati maelezo hayakutosheleza.

"Mzee, huu si mwisho," akaniambia. "Kateni rufaa. Mimi nitaandika maelezo upya, nyinyi mpeleke ofisini kwao."

Kateni. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Tangu siku ya ile kalamu hewani, mke wangu alikuwa hawezi kusikia neno kukata bila kuutazama mguu wake. Hakuniambia, niliona. Nikatangaza nyumbani kwamba neno hilo limehama. Nyama haikatwi, inapunguzwa. Kuni zinapasuliwa. Kinyozi ananyoa, hakati nywele. Simu inazimwa. Stima ikipotea imepotea, hakuna aliyeikata. Pale yadi wafanyakazi wangu walianza kusema "fupisha hiyo tyubu." Dada mmoja wa kanisani alikuja kumwombea, akafika mahali pa kumwambia Bwana akate minyororo, nikakohoa. Akaendelea, nikakohoa tena, mpaka akaelewa, na minyororo ikafunguliwa tu. Watu walicheka pembeni. Wacheke, nyumba ni yangu.

Sasa tumefika ofisi ya bima, yeye ameketi ubavuni mwangu, mguu umefungwa bendeji ndani ya sandali pana niliyomtafutia soko zima. Kijana wa dirishani, mwenye tai nyembamba kama kamba ya kiatu, akaniuliza, "Niwasaidie na nini, mzee?"

"Tumekuja kwa mambo ya rufaa," nikasema. "Ya huyu mama."

"Mnaomba rufaa?"

"Ndiyo. Tunaomba rufaa."

"Anatibiwa wapi sasa?"

Nikamwambia. Akagonga vitufe, akatazama kitambulisho, akamtazama mke wangu, akasema pole mama, tayari, iko kwa sistimu, mtapigiwa. Maelezo mapya ya daktari yalikuwa mfukoni mwangu. Nikamwonyesha bahasha, akasema haina haja. Basi nikaona hapa nimekutana na ofisi inayojua kazi. Watu walikuwa wamenitisha kwamba nitazungushwa, njoo kesho, njoo mwezi ujao, na mimi nimemaliza kabla hata sijapata kiti. Nilirudi Emali kifua mbele. Niliwaambia pale yadi kwamba shida ya watu wetu ni kuingia ofisini wameinama kama wanaokwenda kuomba maji kwa jirani. Ingia wima, sema neno moja, toka.

Haikupita wiki nyingi, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, laini.

"Rufaa yenu imekubaliwa."

Nikamwomba aseme tena, nikaweka simu sikioni mwa mke wangu ili asikie mwenyewe. Jumapili tulisimama mbele ya kanisa zima kutoa shukrani. Nilichinja mbuzi. Nawaambia haya ili mjue furaha ilipanda mpaka wapi, na kwa hiyo hasira ilianguka kutoka wapi.

Kwa sababu tulipokwenda hospitali yenye ile mashine, karani alifungua kompyuta yake, akasema bima imekataa.

"Imekubali," nikasema.

"Hapa imekataa, mzee."

"Nimepigiwa simu. Rufaa imekubaliwa."

"Rufaa naiona. Imekubaliwa kabisa. Ni malipo ndiyo yamekataliwa."

Nikamuuliza hiyo ni lugha gani, rufaa ikubaliwe na malipo yakataliwe. Akasema yeye anasoma tu yaliyoandikwa. Nikapiga simu ya bima. Muziki, muziki, muziki, halafu mtu: rufaa yenu iko sawa, imekubaliwa. Nikamwambia basi awaambie hospitali. Akasema hospitali wanaiona. Nikarudi kwa karani. Anaiona. Mtu mmoja akiniambia tairi ina pumzi na mwingine akiniambia haina, mimi huinama nikaipiga teke, na maneno yanaishia hapo. Jambo hili halikuwa na mahali pa kupiga teke. Nilikwenda nikarudi, nikaenda nikarudi. Kila mtu alinijibu kwa heshima, kila mtu alisema ukweli, na kidonda kilikuwa kinapanda.

Ni katika siku hizo ndipo yule binti aliingia yadi yangu, fulana ina maandishi kifuani, tableti mkononi. Naibu wa chifu alikuwa amemwelekeza kwangu kwa sababu kwangu watu hawakosekani. Akatusalimia kwa Kikamba, na alipofungua mdomo tu tukajua ametoka wapi.

"Huyu ni wenu wa Kitui," nikamwambia mke wangu, aliyekuwa ameketi chini ya mabati, mguu juu ya tairi kuukuu, akichambua ndengu kwenye ungo. "Ficha maji."

"Afadhali sisi tunaoficha maji," akasema. "Nyinyi wa Makueni mnaficha mpaka salamu."

Yule binti alicheka, akamwita mwaitu, yaani mama yangu, na papo hapo akapata kiti karibu na ungo. Akatueleza kwamba anazunguka Kitui na Makueni akiwauliza watu kama wanaridhika na mchakato wa rufaa wa bima ya afya ya serikali. Nilihisi damu ikinipanda hadi masikioni. Nikamwambia umefika, anza na mimi. Akasema utaratibu ni kuanza na waliotangulia kukaa. Alikuwa na utaratibu mwingi sana yule mtoto.

Akaanza na mama anayeuza nyanya kando ya lango langu.

"Mama, umewahi kutumia mchakato wa rufaa?"

"Nimetumia sana."

"Uliridhika kiasi gani? Uliridhika sana, uliridhika, uko katikati, hukuridhika, au hukuridhika kabisa?"

"Niliridhika sana," akasema mama wa nyanya. "Shuka safi. Wauguzi hawagombani na mtu. Lakini uji wao ni mwepesi, hata hapa unaweza kuandika, ni mwepesi."

Binti akasita, kidole kikiwa hewani, kisha akagusa kioo. Akamgeukia dereva wa lori la saruji aliyekuwa akingoja tairi yake ya nyuma.

"Rufaa?" dereva akasema. "Rufaa ni kitu kizuri, mimi siwezi kudanganya. Walinibeba na ambulensi, king'ora kinalia barabara yote. Miaka yangu yote ni mimi napisha ambulensi. Siku hiyo walinipisha mimi."

"Na uamuzi wa rufaa yako ulifanywa kwa haki?"

"Kwa haki, tena kwa spidi."

Waliobaki nao wakasema vivyo hivyo. Wote walikuwa wameridhika. Mimi nilisimama pale na spana mkononi, nikajiona mtu pekee asiyeridhika katika kaunti mbili. Ikafika zamu yangu.

"Mzee, umeridhika kiasi gani?"

"Rufaa yangu imekubaliwa na mke wangu hajatibiwa. Andika hivyo."

"Hiyo haiko kwa majibu. Majibu ni yale matano."

"Tairi ina majibu mawili. Ina pumzi au haina pumzi. Sijawahi kuletewa tairi iliyo katikati."

"Sasa niweke katikati?"

"Ukiweka katikati utarudisha kiti changu."

"Kiti nimempa mimi," mke wangu akasema bila kuinua macho. "Kaa, mama."

Binti akasoma swali linalofuata. "Je, uamuzi wa rufaa ulielezwa kwa lugha unayoielewa?"

"Imekubaliwa," nikasema. "Kuna Mkamba asiyeelewa imekubaliwa?"

Hapo ungo ukaacha kutikisika.

"Binti yangu," mke wangu akasema, "hii rufaa mnayoulizana tangu asubuhi ni ya kupewa au ni ya kukata?"

Mama wa nyanya alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye, kama mtu aliyeona glasi ukingoni mwa meza. Neno nililolifukuza nyumbani kwangu lilikuwa limerudi kwa kinywa cha mwenye mguu.

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

"Niseme nini? Kufupisha rufaa?" Akawageukia watu. "Huyu anafikiri sisikii. Nyama inapunguzwa, simu inazimwa, dada wa watu anaombea minyororo mtu anakohoa kama mbuzi. Kila mnapoliruka neno hilo, mimi nalisikia mara mbili. Mguu ni wangu. Kukata ni kukata."

Dereva wa saruji alijifanya anakagua nati za gurudumu ambalo hata halikuwa lake.

"Huyu mama wa nyanya alipewa rufaa, akalazwa," mke wangu akaendelea. "Huyu dereva alipewa rufaa, akabebwa. Hakuna hapa aliyekata. Wewe unauliza ya gani?"

"Ya kukata, mwaitu," binti akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya bima ikikataa kulipa, unapinga."

"Basi muulize huyu alisema nini pale dirishani. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo."

Binti akanitazama. "Mzee, uliwaambia unakata rufaa, au uliwaambia unaomba rufaa?"

Nikamwambia nilisema linalofaa kusemwa mbele ya mke wangu. Lakini nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa tayari naiona ile tai nyembamba, naona bahasha ya daktari ikirudi mfukoni kwa sababu haina haja. Tuliomba rufaa, tukapewa rufaa. Walikuwa wametukubalia kuhama kutoka kwa daktari wetu twende tukaonwe na daktari wa mashine. Kuhusu kumlipa, hakuna mtu yeyote duniani aliyekuwa ameomba jambo lolote upya. Mbuzi wangu aliliwa kwa ajili ya ruhusa ya kubadilisha hospitali.

Na nasema hapa, kama nilivyosema siku ile: mimi sikukosea. Neno moja limepewa milango miwili na hakuna aliyebandika kibao. Hospitali kubwa inaitwa ya rufaa. Kwenda huko ni rufaa. Kupinga ni rufaa. Mtu mwenye tai, anayelipwa kukaa dirishani, alishindwa kuuliza swali moja ambalo mwanamke mwenye ungo wa ndengu aliliuliza.

Nikamwambia binti ampigie bosi wake. Akapiga, nikamwambia aweke sauti tusikie wote.

"Bosi, huku watu wanachanganya neno rufaa," akasema. "Wanajibu kuhusu kulazwa hospitali."

"Soma swali lilivyo," sauti ikasema. "Usilielezee. Lilishapitishwa."

"Lakini majibu, bosi..."

"Majibu yakoje?"

"Wengi wameridhika sana."

"Sasa shida iko wapi?"

Niliichukua simu. Nilimwambia bosi huyo kwamba mtu akija na pancha gurudumu la kulia, mimi nikaziba la kushoto, akanishukuru akaondoka, bado ana pancha. Akaniuliza kama mimi ni mhojiwa. Nikamwambia mimi ni mwenye yadi. Akasema wenye yadi hawamo kwenye utafiti, akanishukuru kwa ushirikiano, na simu ikakatika. Ndiyo, ikakatika. Nililisema hivyo hivyo mbele ya watu wote, na mke wangu akarudi kwenye ndengu zake.

Binti alikunja tableti yake. Hakuzungumza kwa utaratibu tena. Alimwambia mke wangu kwamba asikubali kutoka dirishani kabla bahasha ya daktari haijapokelewa, na kwamba asitaje rufaa peke yake, alitaje neno zima.

Kesho yake tulikuwa dirishani, tai ile ile. Nilifungua mdomo, lakini mwenye mguu alikuwa amekwisha kutangulia.

"Nimekuja kukata rufaa," akasema. "Bima ilikataa kuuzibua mguu huu. Nakata rufaa ili usikatwe."

Kijana alimtazama, akafungua ukurasa mwingine kabisa. Safari hii hapakuwa na tayari wala mtapigiwa. Alitaka bahasha. Alitaka barua ya kukataliwa. Akatutuma dirisha la pili, la pili likaturudisha kwake, yeye akasema mwenye muhuri ameenda mkutanoni, tuje kesho. Tulikuja kesho, muhuri ulikuwepo, wino haukuwepo. Tulizungushwa barabara, kama watu wote, na mimi niliyewacheka watu wote nilikuwa nimekaa kwenye benchi lao. Moyoni nikasema sasa basi tumefika penyewe.

Bima ilikubali. Mshipa ulizibuliwa, na mguu ule uliokuwa baridi kama rimu ya alfajiri ukapata joto, niliushika mwenyewe. Lakini kidole kimoja kilikuwa kimeshakufa. Daktari alisimama kando ya kitanda akitafuta neno, akanitazama mimi, nafikiri habari zangu zilikuwa zimemfikia.

"Hiki itabidi kiondolewe," akasema.

"Kitakatwa," mke wangu akamwambia. "Wewe kata, daktari. Bora ubaki mguu."

Nilimfuata daktari nje, nikamuuliza kama tungekata rufaa mara ya kwanza kidole kingebaki. Akasema hawezi kujua. Sawa, yeye amesoma, hawezi kujua. Mimi naona nyanya za yule mama zikioza. Siku moja ni nyingi.

Alikuwa amesharudi nyumbani, anajifunza kutembea kwa fimbo na kugombeza kila mtu, simu yangu ilipolia. Haikuwa sauti ya yule binti, ilikuwa ya mtu mwingine, akisema kwamba mahojiano yangu kuhusu mchakato wa rufaa hayakukamilika, na angependa tumalizie swali lililobaki. Kwa jumla, nimeridhika kiasi gani. Nikahisi ile damu ikianza tena safari ya masikioni. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga kwa muda mrefu, kuanzia tai mpaka kidole.

"Huyo mwambie angoje," mke wangu akasema kutoka kwenye kiti chake, mkono kwenye kikombe cha chai. "Nikatie mkate kwanza. Na usikate mwembamba kama mtu wa Makueni."

Niliiweka simu juu ya meza, sauti ikiwa bado inasoma yale majibu matano, nikachukua kisu nikamkatia kipande kinene.